Ufagio wa Patricie na Maua ya Isogi

Ukiuliza mtaani kwetu Kamembe, "Patricie ni yupi?", utaambiwa, "Yule anayefagia." Kabla ya kuwasha moto, Patricie alishika ufagio. Alianza mlangoni, akashuka hadi njiani, kisha akarudi nyuma ya jiko. Uwanja wake ulikuwa mwekundu na mtupu. Ungeweza kumwaga mchele pale ukaokota punje zote. Jioni alifagia tena, hata kama hakuna aliyechafua.

Mimi nilikuwa mwalimu wake. Nilifundisha watu wazima kusoma, na Patricie alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Siku ya kwanza alikuja darasani na daftari, kalamu na ufagio mdogo wa mkono. Aliangalia sakafu, akaniangalia mimi, akafagia. Nilikasirika kidogo. Ilikuwa imefagiliwa asubuhi ile ile, na mfagiaji nilikuwa mimi.

Patricie alizaliwa Bukavu, Congo, ng'ambo ya mto. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda. Aliolewa huko huko na Muhire, seremala aliyevuka kutoka Rwanda kutafuta kazi. Mwisho wa mwaka 1994 walirudi Rwanda pamoja na binti yao Gasaro. Walipata nyumba ndogo hapa Kamembe, kwenye mteremko. Mbele kulikuwa na njia ya watu wote. Nyuma, baada ya jiko, kulikuwa na migomba michache, na chini ya migomba ardhi ilishuka ghafla. Hapo ndipo walipotupa takataka.

Muhire alikuwa na mama yake mzazi, aitwaye Kamikazi, wa kijiji cha Nkungu. Katika mwaka ule wa mauaji Kamikazi alipoteza mume, watoto watatu na wajukuu. Pale nyumbani alibaki yeye tu. Muhire alipomfuata, mwezi wa saba mwaka 1995, alimkuta kwa jirani. Nyumba yake ilikuwa kuta bila paa. Lakini pale mlangoni, katikati ya matofali yaliyoanguka, isogi ilikuwa imejiotea yenyewe na kukauka. Kamikazi alichuma vitumba vikavu, yale maganda ya mbegu, akakung'uta mbegu kwenye kona ya kitenge, akafunga fundo. Hakuchukua kitu kingine alipokuja kukaa nao Kamembe. Hakikuwepo.

Isogi ni mmea wa kwetu. Watu wa pwani huuita mgagani. Huota wenyewe kwenye mashamba na kando ya nyumba, huishi msimu mmoja tu, kisha hufa. Majani yake ni machungu kidogo na hupikwa kama mboga. Maua yake ni meupe, mengine yana rangi ya waridi, na yana nyuzi ndefu zinazochomoza kama masharubu ya paka. Nyuki huyapenda sana. Kamikazi naye aliyapenda, ingawa hakuwa mtu wa kusema habari za maua. Alisema tu kwamba mlango usio na isogi ni mlango wa duka.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, Kamikazi alikwaruza udongo kando ya mlango wa uwanja, akanyunyiza sehemu ya mbegu zake. Wakati huo Patricie alikuwa amejifungua mtoto wa pili na hakufagia kwa wiki nyingi. Isogi iliota. Ilikua hadi kiunoni, ikachanua, ikaliwa. Kamikazi aliipika kwa maziwa na Muhire akala hadi akalamba sahani, mtu mzima yule. Ilipokauka, mama mkwe alichukua vitumba vichache, akafunga fundo jipya. Vingine aliviacha vipasuke, mbegu zianguke chini, kama alivyofanya siku zote Nkungu.

Patricie akapona. Akashika ufagio.

Mvua za mwezi wa tatu zilikuja, na pale mlangoni hapakuota kitu. Kamikazi alisubiri. Mwezi wa tisa alinyunyiza mbegu tena, na hapakuota kitu. Mwezi uliofuata vita viliingia Bukavu. Tulisikia mizinga kutoka ng'ambo, watu wakavuka daraja na magodoro kichwani, na kwa muda hakuna aliyefikiria mboga. Lakini Kamikazi alifikiria. Mwezi wa tatu mwaka 1997 alinyunyiza tena. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaangalia udongo mwekundu uliofagiliwa vizuri, kila siku, wiki nne nzima.

Kisha akachukua mfuko wake, akatia nguo zake mbili na blanketi, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Usiku ule walipokuwa wakila alisema neno lake. Kiswahili chake alikiokota sokoni, lakini kilitosha.

"Hii udongo hainijue," alisema. "Kule Nkungu sikuwaka napanda. Ilikuwa inajiotea. Mvua ikiisha nitaenda kwangu. Mutanipeleka, ao nitaenda na miguu."

Muhire alimwambia kwamba hakuna nyumba. Alijibu kwamba kuta zipo. Muhire akamwambia kwamba hakuna watu. Akajibu kwamba anajua hivyo kuliko yeye. Chakula kikapoa.

Patricie aliogopa. Aliniambia mwenyewe baada ya somo, akiwa ameshika daftari kifuani. Mama yake mzazi alikuwa amefia Bukavu, naye hakuwa na mama mwingine isipokuwa huyu. Mzee wa miaka sabini, peke yake ndani ya kuta bila paa, katika mahali ambapo watu wake wote waliuawa. Alijua mwisho wake utakuwa nini. Na sababu yake ni majani ya mboga! Nilimwambia kwamba sababu haikuwa mboga. Akasema, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho husema "njo" badala ya "ndiyo", "Najua, Mwalimu. Lakini mboga njo kitu naweza kutafuta."

Akaenda kuitafuta. Mwanzoni mwa mwezi wa tano alitembea hadi Mibirizi, kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na isogi shambani. Alirudi na vitumba vilivyoanza tu kugeuka rangi. Siku ya Jumapili, Kamikazi alipokwenda misa, Patricie alichimba mlangoni, akatia zile mbegu mbichi kwenye mashimo marefu kama ya maharagwe, akafukia, akasawazisha kwa ufagio. Nia yake ilikuwa ziote, na mama mkwe afikiri ni zake. Nampenda Patricie, lakini kwa ujanja hakujaliwa. Zilipita siku kumi, zikapita ishirini. Hapakuota hata jani.

Mvua ilikuwa inaisha. Mfuko ulikuwa bado msumarini.

Hapo ndipo Patricie alipokwenda kwa Védastine. Huyu alikuwa mtumishi wa kilimo wa komini, yaani wa serikali ya pale kwetu, ambaye watu humwita monagri. Alikaa nyumba tatu juu ya kwa Patricie. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti za mpira jua likiwaka au mvua ikinyesha, na maneno yake hayakuwa na sukari. Patricie alimweleza yote, hata ule ujanja wa Jumapili. Védastine alimsikiliza, kisha akamwuliza zile mbegu za Mibirizi zilikuwa za lini.

"Nilizitoa kwa muti siku ya Ijumaa," Patricie alisema. "Jumapili nikapanda."

"Basi zinalala," Védastine alisema. "Mbegu mupya ya isogi inalalaka. Unaikausha kwa kivuli, unaiweka miezi tatu ao ine, kisha unapanda. Na ulizichimbia shimo kama maharagi? Angalia vile iko ndogo. Itapata wapi nguvu ya kutoka kule chini?"

Alimweleza kwamba mbegu ya isogi hufunikwa kwa udongo kidogo tu, kiasi cha unene wa kucha. Huchanganywa na mchanga mkavu au majivu ili isianguke yote mahali pamoja. Inataka jua na mbolea ya ng'ombe iliyooza, na haitaki maji yanayotuama. Patricie aliitikia kwa kichwa. Hayo yote alielewa. Lakini mbegu za Kamikazi zilikuwa kuukuu, na mzee hakuchimba mashimo. Mwaka wa kwanza ziliota, halafu zikakataa mara tatu. Kwa nini?

Védastine hakujua. Alisema wazi kwamba hajui, na kwa hilo nilimheshimu nilipoambiwa. Alivaa kofia yake, akasema twende nikaone.

Kamikazi alikuwa kwenye kigoda chake. Védastine alimsalimia kwa heshima, akachuchumaa mlangoni. Alipapasa udongo. Ulikuwa mgumu, umesuguliwa kwa juu kama sakafu. Kulikuwa na mistari ya ufagio kutoka mlangoni hadi njiani, iliyonyooka, mizuri. Aliitazama mistari ile kwa muda mrefu.

"Maman Gasaro," alisema, "hapa unafagiaka mara ngapi?"

"Asubui na magaribi."

"Kila siku? Hata siku mama alimwanga mbegu?"

Patricie aliangalia ufagio wake ukutani.

"Na ile takataka unatupaka wapi?"

Patricie alionyesha nyuma ya jiko. Walipita kando ya jiko, wote watatu, Kamikazi akiwa wa mwisho na fimbo yake. Patricie alisimama pale alipozoea kusimama, kwenye ukingo, na kuonyesha jinsi anavyorusha takataka kupita migomba. Hakuwa ameshuka huko tangu wahamie. Kuna mtu anayeshuka kuangalia takataka zake? Védastine alishika mgomba mmoja, akateremka. Kisha akaita.

Isogi ilikuwa pale. Haikuwa mmea mmoja wala miwili. Kichaka kizima kilisimama juu ya majivu, maganda ya ndizi na vumbi jekundu la uwanja, kikiwa na maua meupe juu na vitumba virefu chini, na nyuki wakivuma. Mbegu zote za Nkungu, zilizoanguka na zilizonyunyizwa, ufagio ulizibeba hadi huku. Ziliota, zikazaa, zikajipanda tena, na hakuna aliyeziona.

Kamikazi alishikilia mgomba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Ni fagio," Védastine alisema kutoka chini. "Hii mmea inaishi sezo moja tu, musimu moja. Inakufa, inaacha mbegu pale juu ya udongo, na ile mbegu njo mutoto yake. Wewe kila siku unamufagia mutoto."

Patricie aliona haya, na haya ikageuka hasira, kama inavyokuwa kwa watu wengi, nami nikiwemo. Alisema kwa sauti kali kwamba yeye hakufagia kwa ubaya. Alisema kwamba Bukavu mama yake aliwaamsha saa kumi na moja, yeye na dada zake, wafagie paseli yote, yaani kiwanja kizima, kabla majirani hawajaamka.

"Alituambia, sisi ni bageni," Patricie alisema. "Hapa kwa batu bengine, uchafu ya mwenye inchi ni uchafu tu. Uchafu ya mugeni ni sababu ya kumufukuza. Fagia hata wasione jani moja. Miaka yote tulifagia hivi. Mimi sijue kuacha."

Aliyejibu ni Kamikazi. Alimshika mkwe wake mkono, ule mkono wa ufagio, wenye sugu.

"Patricie," alisema, "hapa hauko mugeni. Hapa ni kwenu. Acha uchafu kidogo."

Jioni Muhire aliporudi kutoka kazini, mama yake alimwambia kwamba safari ya Nkungu itangoja mwezi wa tisa. Atapanda mara moja tena. Mfuko aliuacha pale pale msumarini.

Sasa sikiliza kazi waliyofanya, kwa sababu huenda wewe pia una isogi, au ua jingine la porini la kwenu unalotaka nyumbani.

Mwezi wa sita waliteremka pale chini na kikapu. Védastine alikuwa amewaonya wasingoje vitumba vikauke kabisa, maana vikikauka hupasuka na kumwaga mbegu zote. Walichagua vilivyokuwa vya njano. Walichagua pia mimea yenye nguvu na majani mengi, wakaiacha ile dhaifu. Vitumba walivitandaza kivulini juu ya mkeka hadi vikafunguka vyenyewe. Mbegu zilikuwa nyeusi, ndogo, nyingi kuliko za fundo la kwanza. Walizifunga katika kitambaa na kuzitundika mahali pakavu, mbali na moshi na panya. Kamikazi alitaka kuzipanda wiki ile ile. Mara hii Patricie ndiye aliyemzuia, akamwambia zinalala, ziache. Mama mkwe alinung'unika, lakini aliziacha.

Muhire alipanga mawe mlangoni, mstari mmoja kila upande wa njia. Hapo katikati mtu hupita na ufagio hupita. Nyuma ya mawe ufagio haupiti. Mawe yale yalikuwa wazo la Patricie mwenyewe. Alijijua. Alisema kwamba mkono wake hautasikia maneno, unataka ukuta.

Mwezi wa tisa, mvua ya pili ilipopita, walilainisha udongo nyuma ya mawe na kuchanganya samadi. Kamikazi alichanganya mbegu na majivu, akazinyunyiza kwenye mistari miwili mifupi. Patricie alifunika kwa udongo kidogo, akauliza kama umezidi, akapunguza, akauliza tena. Siku ya sita asubuhi Gasaro alipelekwa kuchota maji, akarudi mbio bila maji. Zilikuwa zimeota.

Kulikuwa na kosa moja zaidi. Patricie hakuzijua isogi zikiwa changa, na alikuwa tayari ameng'oa nane akidhani ni magugu kabla Kamikazi hajafika na fimbo yake. Tangu siku ile mama mkwe alikaa pale kwenye kigoda na kumfundisha jani kwa jani. Zilipofika kimo cha kiganja walipunguza zilizosongamana, na hizo walizong'oa ndizo walizokula kwanza. Baadaye walichuma majani ya pembeni. Mimea mingine waliikata ncha kila ilipotaka kuchanua, ili iendelee kutoa majani. Lakini mimea kumi iliyokuwa karibu kabisa na mlango hawakuigusa. Hiyo ilikuwa ya maua, na ya mbegu.

Mwezi wa kumi na moja ilichanua. Watu waliopita walisimama. Wengine walikuwa wa vilimani na waliijua, wakasema wana miaka hawajaiona mjini. Wengine walikuwa wamekulia Congo kama Patricie, wakauliza kama ni ua la Wazungu. Patricie aliwajibu. Nilimsikia mwenyewe akieleza habari za majivu, kivuli na miezi mitatu, kama vile amezaliwa nayo.

Mwezi wa kumi na mbili vitumba vikaanza kupasuka. Nadhani huo ndio uliokuwa mwezi mgumu kuliko yote kwa Patricie. Mimea ilikauka, ikawa ya kijivu na mibaya. Majani makavu yalilala nyuma ya mawe, mbele kabisa ya nyumba, mahali ambapo kila mtu anaona. Asubuhi moja nilipita nikamwona amesimama na ufagio, amefika kwenye mawe, ameganda hapo. Nilimsalimia, hakusikia. Mwisho alivuta pumzi, akageuka, akafagia upande mwingine.

Walichukua mbegu zao kwenye kitambaa, na zilizobaki waliziacha chini.

Januari mwaka 1998 Kamikazi alisema anataka kwenda Nkungu. Patricie aliacha sufuria. Mama mkwe akachukua ule mfuko msumarini, akatoa nguo mbili, akatoa blanketi, akaviweka juu ya kitanda chake. Ndani ya mfuko akatia kitambaa kimoja cha mbegu. Muhire alimsindikiza. Kamikazi alizinyunyiza pale kati ya kuta, kwa mkono wake, akakaa kidogo, akasali. Jioni alikuwa amerudi Kamembe, anadai chai.

Mwezi wa tatu mvua zikanyesha. Nyuma ya mawe, bila mtu kupanda, isogi zikatoka zenyewe, nyingi, zimesongamana kama watoto wanaogombea mlango. Kamikazi alizitazama kutoka kwenye kigoda, akasema kwamba ndiyo hivyo, ndivyo ilivyokuwa kule. Akamwomba Patricie sufuria.

Patricie bado anafagia, asubuhi na jioni. Wiki iliyopita mwanamke mmoja aliyehamia mtaani alipita, akaona uwanja ulivyo safi, kisha akaona majani makavu nyuma ya mawe. Akamwambia kwa wema kabisa, "Maman Gasaro, pale umesahau."

"Sikusahau," Patricie alisema, na ufagio mkononi. "Pale kunalala mbegu ya kwetu."